Hilo ua la beseni, wasee, tuachane nalo

Mtaani kwetu kuna jamaa wa miche ambaye siku hizi anauza ua linaloelea kwenye beseni la maji. Majani yanang'aa, vikonyo vimevimba kama vibofu, ua lenyewe ni zambarau hafifu lenye doa la njano. Analiita haisinthi. Watu wa balkoni wanalipenda, maana halitaki udongo wala mbolea, na kwenye picha linatokea fiti.

Mimi nasema tuachane nalo. Hilo ni gugumaji, lile lile lililoziba Ziwa Victoria.

Wengi hudhani lilijileta tu kama nzige. Wapi! Kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon, na waliolitembeza duniani ni watu waliopenda ua lake wakaliweka kwenye vidimbwi vya bustani. Ziwani kwetu lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Muulize mvuvi wa Kisumu inakuwaje kuamka ukute mashua imefungiwa na zulia la kijani, samaki wako ng'ambo, na deni la nyavu linakungoja. Mwaka wa 1997 Kenya iliachilia wadudu jamii ya fukusi walitafune. Walisaidia, lakini hadi leo bado lipo.

Shida ni kasi. Likipata maji machafu, linaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki mbili hivi, na mbegu zake hukaa kwenye matope miaka mingi zikisubiri. Sasa beseni lako likijaa utafanyaje? Utapunguza, utupe mtaroni. Mtaro huingia Mto Nairobi, Mto Nairobi huingia Athi, na Athi hushuka hadi Sabaki kule Malindi. Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera, limeshawahi kufunikwa likaonekana kama uwanja wa mpira.

Najua kuna wanaolitumia kusuka vikapu na kutengeneza gesi ya kupikia. Heshima kwao. Lakini wao huvuna lililoko tayari ziwani, hawalipandi.

Kama unalo, litoe, litandaze juani kwenye simiti mpaka likauke kabisa. Maji ya beseni mwaga kwenye udongo mkavu, sio mtaroni.

Na kama moyo wako uko kwa haisinthi yenyewe, ile yenye harufu tamu, hiyo huota kutoka kwa tunguu na haielei. Inataka baridi kwanza: mfuko wa karatasi, ndani ya friji, wiki kumi au zaidi, mbali na matunda. Vaa glavu, tunguu huwasha. Umeme ukipotea kila wiki kwenu, maze, hapo sijui nikwambie nini. Kwa beseni, tafuta yungiyungi la samawati. Hilo ni la huku huku kwetu, linataka jua na beseni lenye kina kidogo.