Maji ya Chini ya Sakafu Ni Suala la Hospitali

Katika mtaa wa Madungu, mjini Chake Chake, kama ilivyo katika sehemu nyingi za miji ya Zanzibar, watu hawakuzoea kuona maji ya mfereji yakitoka usiku na mchana. Yanapokuja, ndoo, mapipa na matangi hujazwa; yanapokatika, familia huishi kwa akiba. Wanaokaa humo hujua saa za maji kwa moyo. Yako lakini maji mengine ambayo hakuna anayeyahesabu, nayo ni yale yanayotoka katika bomba lililopasuka chini ya sakafu na kuzama polepole katika udongo wa msingi.

Uvujaji wa namna hiyo huchukuliwa kuwa shauri la fundi na mfuko wa mwenye nyumba. Hasara ya mfuko ipo, tena si ndogo: ufa unaopitisha kikombe kimoja cha robo lita kwa dakika hupoteza lita 360 kwa siku, yaani ndoo 18 za lita 20. Hata hivyo, kulitazama jambo hili kwa jicho la bili peke yake ni kosa, na madaktari wana sehemu yao katika kosa hilo.

Bomba lenye ufa hutoa maji nje wakati wote ambao msukumo upo ndani yake. Hilo kila mtu analielewa. Lisilofikiriwa sana ni kinachotokea msukumo unapoondoka. Bomba huwa tupu au nusu tupu, udongo ulio nje umelowa, na maji yaliyotuama humo hurudi ndani kupitia ufa ule ule. Endapo karo la choo liko hatua chache tu kutoka hapo, kinachorudi hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, homa ya ini na maradhi mengine ya kuharisha. Zamu ya maji ikifika, mkupuo wa kwanza huvisukuma mpaka mferejini. Pampu iliyoungwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaa hulizidisha tatizo, kwa kuwa huvuta kwa nguvu chochote kilicho katika njia yake, na athari yake haiishii kwa mwenye pampu bali humfikia na jirani asiyekuwa nayo. Kwa hiyo, pale maji yanapotoka saa zote, ufa ni upotevu zaidi kuliko hatari; pale yanapotoka kwa zamu, ufa huo huo ni mlango wa maradhi.

Mtu anaweza kuuliza ni fundi gani mwenye akili timamu atakayepitisha bomba la maji ya kunywa karibu na karo. Mara nyingi hakuna aliyekusudia hivyo. Nyumba hujengwa kwa miaka: kwanza vyumba viwili, kisha jiko, kisha banda la uani kwa kijana anayeoa. Bomba lililokuwa likipita uani hujikuta chini ya zege la chumba cha kulala. Karo la kwanza likijaa, la pili huchimbwa pale panapobaki nafasi, na katika kiwanja cha mteremko nafasi hiyo huweza kuwa upande wa juu wa nyumba. Fundi wa mwisho hajui alichokifanya wa kwanza, wala hakuna mchoro.

Historia ya tiba ina mfano unaojulikana nusu tu. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa wa Soho, London. Kila mwanafunzi wa udaktari hufundishwa kwamba John Snow alikishuku kisima cha Broad Street na kwamba mpini wa pampu yake uliondolewa tarehe 8 Septemba. Wachache huambiwa yaliyofuata. Kisima kilikaguliwa kwa ndani na hakikuonekana na tundu. Ni mwaka uliofuata tu, baada ya kuchimbwa mbele ya nyumba namba 40, ndipo ilipoonekana kwamba shimo la maji machafu la nyumba hiyo lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani, matofali yake yamelegea kiasi cha kung'oka bila nguvu. Humo ndimo yalimomwagwa maji yaliyofuliwa nepi za mtoto mchanga aliyekufa kwa maradhi hayo. Uvujaji ulikuwa chini ya ardhi, na wakaguzi wa mwanzo walipita juu yake.

Zanzibar, ambayo imekuwa ikirudiwa na kipindupindu tangu mwaka 1978, haikosi vyombo vya kutambua vijidudu. Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iko Wawi, karibu na Chake Chake, tangu mwaka 2000. Lakini maabara huonesha kilichomo kikombeni. Haioneshi kimepita chini ya sakafu ipi. Hilo la pili hugunduliwa na wanaoishi juu ya sakafu hiyo, wakijua cha kutazama.

Msimu ndio mwalimu mzuri. Unyevu wa masika hupanda kuta nyingi kwa kimo kinachokaribiana, kisha hupungua jua la kaskazi linapowaka. Unyevu wa bomba hukaa mahali pamoja na haujali msimu. Sakafu hubaki na doa lisilokauka mwezi Januari, lipu hububujika na kumenyuka juu kidogo ya msingi, chumvi nyeupe kama unga hutoka ukutani. Chumba hunuka koga hata kikifunguliwa madirisha, na aliye na pumu hubanwa zaidi akilala humo. Nyufa mpya hutokea pale udongo wa mfinyanzi unapovimba upande mmoja wa nyumba. Nje, majani hustawi katika ukanda mwembamba ambao hakuna aliyeumwagilia. Muhimu kuliko yote, ndoo ya kwanza baada ya maji kurejea huwa na rangi au harufu ambayo ndoo ya tatu haina.

Kuhakikisha si kazi ngumu. Mwenye mita afunge mifereji yote, pamoja na koki ya kuingizia maji tangini, katika saa ambayo maji yanatoka, kisha aitazame mita kwa nusu saa. Ikisogea, maji yanakwenda mahali. Asiye na mita aweke ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini wake sikioni, nyumba ikiwa kimya. Mfoko wa maji husikika. Mabomba yanayotoka tangini hupimwa kwa kufunga maji yanayoingia na kutia alama kimo cha tangi wakati wa kulala, mifereji yote ikiwa imefungwa.

Mzigo mzito uko kwa mpangaji. Yeye hana ruhusa ya kuvunja sakafu, na mwenye nyumba haishi humo kuinusa. Mtoto wake huletwa zahanati kwa kuharisha mara tatu katika miezi miwili, hupewa chumvichumvi na zinki, na hurejeshwa kwenye mfereji ule ule. Maswali mawili yangetosha kuanzia: ndoo ya kwanza ina rangi gani, na je, sakafu hukauka wakati wa kaskazi? Majibu yakitia shaka, afisa wa afya ya mazingira apelekwe nyumbani pamoja na sheha, kwa kuwa mwenye nyumba humsikiliza sheha haraka zaidi kuliko mpangaji.

Wakati hayo yakisubiriwa, maji ya mkupuo wa kwanza yaoshee ua, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Ama matengenezo, kuvunja zege kutafuta ufa mara nyingi ni gharama isiyo na lazima. Ni nafuu zaidi kuliacha bomba la zamani na kupitisha jipya juu ya ardhi, kando ya ukuta, mbali na karo. Wengi hulikataa kwa kuwa linaharibu sura ya nyumba. La zamani likatwe na kuzibwa pale linapoungana na bomba la mtaa, kwani likiachwa limeungwa litaendelea kuvuta yaliyomo udongoni kila maji yanapokatika.