Shupa zinafunga mto, giza inafunga kazi: nani analipa?



Umeme imeenda tena. Kila mutu wa muji huu anajua namna inaendaka: bila neno, bila saa ya kurudi. Fundi wa kuchomea chuma kule Essence anaacha mlango wa watu nusu, anakaa chini. Mama muuzishaji wa sambaza anafungua firigo, ananusa, anafunga. Kinyozi wa Kadutu anatuma mutoto kutafuta benzini. Kisha mwisho wa mwezi fakturi inafika. Ile haikatikake hata siku moja.

Tunapouliza, tunajibiwa: mashini za barraji zimejaa takataka. Ni kweli, na hatutakataa ukweli. Ziwa Kivu iko na mlango moja tu wa kutokea, na mlango ule ni Ruzizi, hapa kwetu. Mvua ikinyesha, vilima vya Kadutu na Bagira vinateremusha kila kitu: sashe, shupa za maji, shupa za suku, viatu. Mito kama Kawa inabeba, ziwa inapokea, mkondo unapeleka kwa barraji ya Ruzizi ya kwanza, ambayo inafanya kazi tangu miaka ya 1950. Wafanyakazi wanaingia katika mitumbwi, wanatoa plastiki kwa mikono. Mvua ya kesho inarudisha yote. Mashini zinasimama, na muji mzima unasimama nazo.

Lakini hapo wakubwa wanamalizaka mazungumuzo kwa neno moja: «Watu wa Bukavu ni wachafu.» Sisi tunasema mazungumuzo njo kwanza yanaanza.

Mutu anayetupa shupa katika mufereji ana kosa, hata kama ni mumoja wetu. Lakini mama anayelipa kodi ya soko kila siku, anaonyeshwa wapi pubele? Camion ya takataka inapita kwake siku gani? Kodi iko na saa yake, takataka haina. Kuita mutu muchafu bila kumupa fasi ya kutupa uchafu ni kumutukana mara mbili.

Na sheria tuko nazo, zinaweza kujaza kabati. Katiba yetu, artikle 53, inasema kila mutu ana haki ya mazingira safi. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 juu ya mazingira inasema anayechafua njo analipa. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Miaka imepita zaidi ya mitano. Pita sokoni leo, uhesabu sashe. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda ilikataza mifuko ile tangu 2008. Hatusemi vile ili kuisifu serikali ya Kigali, tuko na mengi ya kuiuliza. Lakini mama zetu wanaovukaka mpaka wanajua: ukiwa na sashe mukononi, utaiacha upande huu. Maji ni moja. Sheria iko pande zote mbili. Kwetu anayekosekana ni mwenye kuisimamia.

Sasa tuhesabu nani analipa. Masikini wa Bukavu analipa mara tatu. Analipa fakturi ya umeme ambayo hakuiona. Analipa benzini ya grupu ili kazi isikufe. Analipa makala ili watoto wakule. Na makala ile inatoka wapi? Inatoka katika misitu ya Kabare na Kalehe, na hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, ambayo UNESCO iliweka katika urizi wa dunia mwaka 1980. Serikali inasema: musikate miti, gorila wanakufa. Tunakubali. Lakini mama wa Panzi apike na nini? Kulinda mbuga bila kuleta umeme katika nyumba ni hotuba tu. Artikle 48 ya Katiba inamuahidi kila Mukongomani umeme na maji ya kunywa. Sisi tungali tunaishi katika artikle 15: kila mutu ajipange.

Kuna wanaotuambia: «Mupunguze sauti. Mukikaza wale wanaouzisha vinywaji katika plastiki, mutaharibu mazingira ya biashara, wawekezaji watakimbia.» Tuangalie ile biashara tunaogopa kuharibu. Katika ripoti ya Banki ya Dunia ya mwaka 2020 juu ya urahisi wa kufanya biashara, Kongo ilikuwa ya 183 kati ya inchi 190. Plastiki ilikuwa huru kabisa. Kama uhuru wa kutupa shupa ungekuwa unaleta wawekezaji, tungekuwa wa kwanza.

Mwenye kuuzisha shupa anabeba faida nyumbani, shupa yenyewe anatuachia. Anayelipa kuitosha katika Ruzizi ni fundi wa Essence, kwa masaa anakaa bila kazi. Ile si biashara huru. Ni deni ya mutu moja inayoandikwa kwa jina ya mwengine. Na fundi yule naye ni mufanyabiashara! Mwenye mashini ya kusaga mihogo ni mufanyabiashara. Mazingira yao ya biashara yanaitwa umeme, bei inayojulikana, na kodi isiyoitishwa na watu watano kwa siku moja.

Wengine wanatutuliza na miradi. Sheria ya Juni 2014 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi kuuzisha umeme. Vizuri, lakini mlango wazi bila mulinzi wa bei ni soko ya wenye nguvu. Kuna pia Ruzizi ya tatu, pamoja na Rwanda na Burundi, ambayo tunaisikia tangu tukiwa watoto. Ijengwe! Lakini hata ikijengwa, itakunywa maji ya mto huu huu. Barraji mpya juu ya uchafu wa zamani itatupa giza mpya.

Kwa hiyo, hatuombi. Tunadai:

Serikali itumikishe amri ya 2017, ikianza na wenye kuingiza plastiki kwa makontena, si kwa kunyanganya mama sashe kumi barabarani.

Jimbo liamuru kila kampuni inayofunga kinywaji katika plastiki ilipe kazi ya kuokota shupa zake, na feza ile itangazwe wazi, ilipe vijana wanaookota.

Meya aweke pubele na camion katika kila kata, mbele ya kutuitisha salongo.

Shirika la umeme litangaze ratiba ya kukata, na lisitoe fakturi ya masaa ambayo halikutoa umeme.

Wenye kusimamia bei za umeme watangaze bei zote, za Serikali na za makampuni, kwa lugha ambayo mama wa soko anaelewa.

Na sisi? Tunajipa kazi pia. Kila siku ya posho tutashuka kando ya Kawa na mifuko. Tunaita kila mutu: mwanafunzi, mama, kinyozi, hata yule asiyetupenda. Shupa tutakazookota hatutazitupa. Tutazipeleka mbele ya biro ya meya, kwa amani, bila jiwe, bila tusi. Kila mutu aje na vitu viwili: mufuko wa shupa na fakturi yake ya mwisho.

Mufuko tutauacha pale kwa mwenyewe. Fakturi tutarudi nayo, mpaka mutu atueleze tulilipia nini.

Ruzizi ni yetu. Umeme ni haki. Na giza hii iko na wenyewe.