Homa ya Chanjo na Ujira wa Kibarua

Kila mara inapotangazwa chanjo katika mji huu wa Dar es Salaam, maneno ya namna mbili husikika, na yote mawili hayatoshi. Neno la kwanza hutoka kwa wachanjaji. Wao husema: chanjo ni salama, njoni. Neno la pili hutoka mabarazani na vijiweni, tangu lango la Bandari mpaka Mtaa wa Msimbazi. Hilo lasema: fulani alichanjwa juzi, na tangu siku hiyo hajainuka kitandani. Katikati ya maneno hayo amesimama mchukuzi wa Kariakoo. Mkono wamuuma, mwili wamtetemeka, na jua likichomoza hajui kama ataweza kubeba gunia, wala watoto watakula nini asipolibeba. Juu ya mtu huyo ndipo tunapotaka kusema leo.

Kwanza tuseme kweli. Chanjo huuma, na mara nyingi humletea mtu homa. Anayemwambia mfanyakazi kwamba hatasikia lolote amemdanganya, ijapokuwa kwa nia njema. Na mtu aliyedanganywa katika jambo dogo, usiku ule homa inapompanda, hatamwamini tena mdanganyi wake hata katika jambo kubwa.

Twakumbuka mwaka 2021. Usiku wa tarehe 10 Julai Soko Kuu la Kariakoo liliungua, na wafanyabiashara wengi wakabaki mikono mitupu. Wiki mbili baadaye, tarehe 24 Julai, shehena ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19 iliwasili nchini: dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya wananchi hapa mjini, Ikulu. Lakini miezi michache tu kabla ya hapo, mashaka juu ya chanjo hizo yalikuwa yamesemwa hadharani na wakubwa wa nchi wenyewe. Basi mwananchi aliyesita katika siku zile hakuwa mjinga. Alikuwa na masikio, na masikio yake yalikwisha kusikia mengi.

Je, ni mambo gani yaliyowapata waliochanjwa? Jibu lilikuwako tangu mapema, maana chanjo hiyo ilijaribiwa kwa maelfu ya watu katika nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwa mojawapo. Katika kila watu 100 waliodungwa, karibu nusu walisikia maumivu mahali palipodungwa sindano. Watu kama 39 waliumwa kichwa, 38 walichoka, 33 walisikia misuli ikiuma, 14 walichafukwa na moyo, na 9 walipata homa. Kwa walio wengi mambo hayo yaliisha kwa siku moja au mbili. Kama kila aliyefika kituoni angeambiwa hesabu hiyo kwa Kiswahili chepesi kabla ya kukunja mkono wa shati, uvumi mwingi ungekosa pa kushika.

Tena yafaa mtu ajue sababu ya homa hiyo. Chanjo huuonyesha mwili sura ya adui bila kumleta adui mwenyewe. Askari wa mwili huamka, hukimbia huku na huku, na joto hupanda. Ni kama mazoezi ya kikosi cha zimamoto: kengele hulia, watu hutoka nje, mipira ya maji huvutwa, lakini hapana nyumba inayoungua. Siku moto wa kweli unapokuja, kikosi hujua njia. Wala asiyesikia homa asidhani kwamba amedungwa maji. Miili haifanani, na wapo wengi wanaopata kinga bila kusikia lolote ila uchungu wa sindano.

Kila chanjo ina desturi yake. Ile ya kifua kikuu, anayopewa mtoto mchanga, hutoa kipele baada ya majuma machache, kisha kidonda kidogo, kisha kovu ambalo wengi wetu tunalo mkononi. Mama asiyejua hayo hukipaka kidonda kila aina ya dawa kwa hofu. Ile ya surua huweza kuleta homa baada ya siku 7 hadi 12, wakati mama amekwisha kusahau siku ya kliniki. Ile ya homa ya manjano, ambayo mabaharia wetu huijua kwa sababu ya cheti chake, huweza kuleta homa ndogo na maumivu ya mwili siku kadhaa baadaye, pengine baharia akiwa amekwisha kuingia chomboni. Na wasichana wetu, ambao tangu Aprili 2018 wanachanjwa kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, pengine mmoja wao huzimia kwa hofu ya sindano, na wenzake katika foleni wakafuata. Tiba ya jambo hilo ni kuwaketisha na kuwatuliza, siyo kufunga shule na kutangaza kwamba uzazi wao umeharibiwa.

Lakini hatutaki kupunguza mambo. Yapo madhara makubwa, nayo ni ya nadra mno. Mtu mmoja hivi katika milioni huweza kuvimba uso na kubanwa na pumzi mara tu baada ya kudungwa. Ndiyo maana huambiwa aketi kituoni dakika 15, na dawa ya kumwokoa huwa karibu. Hao wanaoondoka mbio ili wawahi zamu hujinyima ulinzi wao wenyewe. Na ile chanjo ya Janssen ilionekana kuleta damu kuganda kwa watu wachache sana. Tarehe 13 Aprili 2021 Marekani iliisimamisha baada ya kuonekana wanawake sita wenye shida hiyo, hali dozi zilizokwisha kutolewa zilizidi milioni sita. Siku kumi baadaye iliruhusiwa tena, pamoja na onyo. Na Mei 2022 matumizi yake huko yakabanwa zaidi. Wapo wanaosimulia habari hiyo kama ushahidi kwamba chanjo ni sumu. Sisi twaiona vingine. Yaonyesha kwamba watu sita katika mamilioni walihesabiwa, wakachunguzwa, na habari zao zikatangazwa bila kufichwa. Imani ya wananchi hujengwa kwa njia hiyo.

Hapa pana jambo moja ambalo hutupoteza. Jambo lililotokea baada ya chanjo si lazima liwe limeletwa na chanjo. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, wala si yeye anayelichomoza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wa Dar es Salaam. Katika watu wengi kiasi hicho, kila siku iendayo kwa Mungu yupo anayeshikwa na kiharusi, yupo ambaye moyo wake unasimama, yupo ambaye mimba yake inaharibika. Wakichanjwa watu laki moja kwa wiki, baadhi ya mambo hayo yatawaangukia waliochanjwa juzi, kama ambavyo yangewaangukia bila sindano. Hiyo si sababu ya kumfukuza mfiwa anayeuliza. Ni sababu ya kuchunguza kabla ya kusema.

Hata hofu yenyewe hufanya kazi mwilini. Utafiti uliochapishwa Marekani mwanzoni mwa mwaka 2022 ulikusanya majaribio 12 ya chanjo za UVIKO-19, na kuwatazama wale waliodungwa kitu kisicho na dawa ndani yake, bila wao kujua. Baada ya sindano ya kwanza, watu 35 hivi katika kila 100 walisema wameumwa kichwa, wamechoka, au wamepata shida nyingine ya mwili. Hatusemi kwamba watu hao walikuwa waongo. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Lakini yaonyesha kwamba mtu aliyetishwa kijiweni huingia kituoni na mzigo wake tayari begani.

Na hofu ina gharama. Jirani zetu wa pwani ya Somalia wana kisa ambacho dunia nzima hukijua. Katika mji wa Merka palikuwa na mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin. Wenzake walichanjwa ndui. Yeye alikwepa, na baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Mwezi Oktoba 1977 aliingia katika gari lililokuwa na watoto wawili wenye ndui, akawaonyesha njia, safari ya dakika chache tu. Akaugua. Alikuwa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Maalin alipona. Miaka mingi baadaye alijiunga na kazi ya chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi kosa lake ili wao wasilirudie, mpaka alipofariki mwaka 2013. Hatuna mfano bora wa mtu aliyekiri hofu yake na kuifanya fundisho.

Sasa twaja kwenye jambo letu kubwa. Mwenye mshahara wa mwezi akipata homa ya chanjo, hulala siku moja, na mshahara wake haupungui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika muda wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Lakini kibarua wa siku, mpakiaji wa makasha, msukuma mkokoteni wa Shimoni, mama lishe wa Gerezani, hao cheti chao ni nguvu zao za asubuhi. Asiyefika hapati. Kwao homa ya siku moja ni chungu kisichopanda jikoni. Mtu wa namna hiyo akisita kuchanjwa, tusikimbilie kusema kwamba hana elimu. Huenda amepiga hesabu zake vizuri kuliko sisi.

Jina lenyewe la Kariakoo latokana na kikosi cha wachukuzi wa Vita Kuu ya Kwanza. Walibeba mizigo ya wengine, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na siyo kwa risasi. Si haki kwamba katika mahali penye jina hilo, mzigo wa afya ya mji mzima ubebwe tena na mchukuzi peke yake. Anapochanjwa humkinga bosi wake, mteja wake na jirani yake. Basi na hao wamsaidie kubeba siku yake moja ya homa.

Kwa hiyo twasema hivi. Waajiri wa Bandari, wa maghala na wa viwanda wawalipe vibarua wao siku inayofuata chanjo, au angalau wawape kazi nyepesi. Wasichanje genge zima siku moja, bali nusu kwa nusu, na ikiwezekana siku ya kuamkia mapumziko. Hakuna meli itakayochelewa kwa mpango huo. Vyama vya wafanyakazi viliweke jambo hili katika mazungumzo yao na waajiri, kwani ni haki ndogo yenye faida kubwa.

Wauguzi nao waseme yote: litakalouma, litadumu siku ngapi, na dalili gani si za kawaida. Mwenye kubanwa na pumzi, kuumwa kifua, kuvimba mguu, au kuumwa kichwa kikali kisichotulia, asingoje. Arudi hospitali upesi. Wamwambie mchukuzi adungwe mkono wa bega asilobebea. Na akirudi na malalamiko, asichekwe wala asikaripiwe, bali taarifa yake iandikwe na ifikishwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo kazi yake ni kuyapokea na kuyachunguza mambo hayo. Mficha uchi hazai, na nchi inayoficha homa ndogo haitaaminika siku ya homa kubwa.

Na sisi wanachama, mabalozi wa mashina na viongozi wa matawi, tuna wajibu wetu. Jirani akichanjwa, tumpitie kesho yake kumjulia hali. Akiwa na homa, tumpelekee uji na maji, tumtulize moyo. Sauti ikitujia katika simu kwamba mtu fulani amekufa kwa chanjo, tuulize jina, mtaa na hospitali kabla ya kuisukuma mbele. Ikiwa ni kweli, twende kwa mganga mkuu wa wilaya na kudai uchunguzi. Ikiwa ni uongo, ufie mikononi mwetu.

Homa ya chanjo hupita kwa siku moja au mbili. Kibarua aliyeipata peke yake, bila ujira na bila wa kumweleza, huikumbuka miaka mingi, na foleni ya mara nyingine hatafika. Siku hiyo moja ndiyo tunayomdai mwajiri, muuguzi na jirani waibebe pamoja naye.