Kabla ya Kulipa Ada ya Uzamiaji

Mama mmoja wa Entarara, Kajiado, ametuuliza kuhusu mwanawe anayetaka kuja pwani kusomea uzamiaji wa kina kirefu na uchanganyaji wa gesi. Kazi hiyo ina heshima: mwaka 2019 gari lililozama Likoni na mama na bintiye lilipatikana kwenye mita zipatazo 58, ilhali mpaka wa mzamiaji wa burudani ni 40.

Ada, dada yetu, iwe swali la mwisho. Uliza kwanza kama kila mwanafunzi hupima mwenyewe oksijeni ya mtungi wake kabla ya kuingia majini. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 32 hufaa kwenye mita 30. Kwenye mita 60 waweza kumtia degedege, akafa maji. Ukijibiwa kwamba mwalimu huwapimia wote, mtafutie chuo kingine.