MASHINE MPYA, MASWALI YA ZAMANI

Twaambiwa kwamba viwanda vya leo vyaendeshwa na kompyuta: mashine yapima joto, yahesabu kazi ya mtu, yaita fundi kabla haijaharibika. Hatuikatai. Lakini sisi wa Lodwar na Kakuma twakikumbuka kiwanda cha samaki cha Kalokol, kilichojengwa kwa msaada wa Norway na kumalizika mwaka 1981. Kilisimama upesi, maana gharama ya kugandisha samaki ilishinda bei yake. Mashine zilikuwa mpya. Hesabu ndiyo iliyokosekana. Basi mashine ikija, tuulize mapema: Umeme utatoka wapi? Nani atafundishwa kazi? Mshahara wa nani utapunguzwa? Njoni mkutanoni, tuulize kwa sauti moja.