Wasomi wa mtandaoni waanzie kwenye daftari la karafuu

KILA ninaporudi kijijini, upande wa Wete, kuna suali ambalo wazee hawachoki kuniuliza. Mtoto yumo chuoni, anasoma uendeshaji wa biashara, na masomo mengine anayapata kwenye simu akiwa amekaa hapa hapa Pemba. Sasa katika masomo hayo limo moja linaloitwa mifumo ya taarifa. Mzee anataka kujua: hilo ni ufundi wa kompyuta? Na kama ni ufundi wa kompyuta, kijana atatengeneza kompyuta za nani?

Mzazi anayeuliza hivyo ana haki ya kujibiwa vizuri, kwa sababu ada ile imetoka kwenye karafuu, au kwenye mwani uliofungwa kamba na mama maji ya bahari yakiwa magotini. Nami naomba nijibu kupitia ukurasa huu, kwa faida ya mkulima na mfanyabiashara mdogo ambaye huenda naye ana kijana wa namna hiyo.

Mfumo wa taarifa ni utaratibu wa kukusanya habari za shughuli, kuziweka, kuzichambua na kumfikishia anayetakiwa kuamua kabla wakati haujampita. Kompyuta inarahisisha tu. Mkulima anapofikisha karafuu kituoni, zikapimwa mizani, zikapangiwa daraja, akaandikiwa stakabadhi na kulipwa, huo tayari ni mfumo wa taarifa, na ulikuwepo kabla ya intaneti kufika Pemba. Tofauti ni kwamba taarifa zile hubaki kwa mnunuzi. Mkulima huondoka na karatasi moja ambayo mara nyingi huishia kwenye mfuko wa shati mpaka siku ya kufuliwa.

Mimi ni mchumi wa kilimo, na somo hili nililisoma kwa njia ya mtandao nikiwa Wete, kupitia chuo ambacho sina haja ya kukitaja. Mihadhara niliipakua usiku, bando likiwa la bei nafuu, na zoezi moja nililiandikia juu ya jamvi nikilinda karafuu zisilowe. Kazi ya mwisho tuliyopewa ilikuwa kubuni mfumo wa taarifa kwa ajili ya kampuni ya maduka makubwa yenye matawi katika miji kumi na miwili. Katika umri wangu wote sikuwa nimeingia katika duka la aina hiyo zaidi ya mara mbili. Nilichora michoro, nikaeleza jinsi ghala litakavyojua kwamba sabuni imekwisha katika tawi la saba, nikapata alama nzuri.

Wiki ile ile ami yangu alikodisha mikarafuu yake, nami nilikuwepo pale barazani. Mwenye kukodi alikuja na fedha taslimu, shilingi 1,500,000. Ami alifurahi, kwa kuwa safari iliyopita alipata laki nane. Nilishuhudia fedha zikihesabiwa na wala halikunijia suali hata moja la kuuliza. Msimu ulipokwisha ndipo tulipoona magunia yaliyotoka katika shamba lile, na hapo sote tukanyamaza.

Wasomaji wa Pemba wanaujua utaratibu huu. Mwenye mikarafuu anahitaji fedha kabla ya msimu, kwa ada, kwa harusi au kwa matibabu, basi anaikodisha miti yake ingali na maua machanga. Anayekodi anachukua mzigo wa wachumaji, uchambuaji na uanikaji, na anachukua mavuno. Bei hupatikana kwa kutazama miti na kusemezana. Ubaya wa biashara hii umo katika jambo moja, nalo ni kwamba mmoja wa wale wawili anajua zaidi. Yule aliyemkodi ami alikuwa ameshalikodi shamba lile mara mbili nyuma, na alikuwa na kijitabu chake mfukoni. Ami alikuwa na kumbukumbu za kichwani.

Nichukue mfano wa hesabu, si wa shamba la ami. Mkarafuu, kama tujuavyo, hauzai sawa kila mwaka. Ukizaa sana, hupumzika. Tuseme shamba lina mikarafuu 40, na katika misimu minne limetoa kilo 380, kisha 90, kisha 210, kisha 120 za karafuu kavu. Jumla ni kilo 800, wastani kilo 200 kwa msimu. Tupige kwa shilingi 14,000 kwa kilo, bei ambayo Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lililipa karafuu za daraja la kwanza kwa misimu kadhaa katika miaka ya 2010. Msimu wa wastani una thamani ya shilingi 2,800,000. Msimu mkubwa wa kilo 380 una thamani ya shilingi 5,320,000. Tukitoa theluthi nzima kwa wachumaji na gharama nyingine, bado zinabaki zaidi ya milioni tatu na nusu. Mwenye shamba asiye na maandishi anaikumbuka laki nane ya safari iliyopita, ambayo ilikuwa msimu wa mapumziko, na anaiona milioni moja na nusu kuwa ni neema. Mwenye kukodi anajua kuwa miti imepumzika na sasa inarudi.

Sitaki kudanganya kwamba daftari lingemaliza shida ya ami. Alikuwa na haja ya fedha, na mwenye haja huuza rahisi hata akiwa na shahada. Lakini kwa mistari minne iliyoandikwa angeweza kukodisha nusu ya miti na nusu akaichuma mwenyewe, au angeanzia kutaja milioni tatu badala ya kusubiri kutajiwa.

Daftari lina kazi nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Karafuu mbichi ikikauka hubaki takriban theluthi moja ya uzito. Kwa hiyo mkulima anayeandika pishi alizowalipa wachumaji, akajua pishi yake moja ina uzito gani, anaweza kukisia kilo atakazozikuta kwenye mizani ya kituo. Ikiwa alichuma kilo 300 mbichi na kituoni zimefika 70, basi kuna mahali zilipopungua: kwenye jamvi, njiani, au kwa mkono wa mtu. Wahasibu wanaliita hilo udhibiti, nao umo katika vitabu vya somo hili. Vivyo hivyo mpeta. Karafuu zikirundikwa kabla ya kuanikwa, au zikinyeshewa, zinachacha, zinapauka na daraja linashuka. Mkulima aliyeandika siku aliyochuma na siku aliyoanika atajua kama kosa lilikuwa la mvua au la uvivu wetu wa kuchambua usiku.

Turudi kwenye kozi. Kitabu kinachotumika katika vyuo vingi duniani ni cha Wamarekani wawili, Kenneth Laudon na Jane Laudon. Ni kitabu kizuri, sina ugomvi nacho. Wanafunzi wanasoma jinsi Walmart inavyowafungulia wanaoiuzia bidhaa kumbukumbu za mauzo ili wajue la kupeleka na wakati wa kupeleka. Kijana wa Micheweni anayejibu mtihani juu ya Walmart hajafanya kosa. Kosa ni kumaliza kozi bila kuulizwa hata mara moja jinsi muhogo wa Micheweni unavyopata mnunuzi.

Kuna mifano ya karibu na yenye uzito. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti wake juu ya wavuvi wa dagaa wa Kerala, India. Kabla ya simu za mkononi, mvuvi aliteremka pwani ya kwao tu. Pwani moja samaki walitupwa kwa kukosa wanunuzi, na pwani nyingine si mbali watu walikosa kitoweo. Simu zilipofika, mvuvi akapiga akiwa baharini na kuchagua pa kuteremka. Upotevu karibu wote ukaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Nyumbani Tanzania Bara, katika miaka ya 2000, mradi uliosaidiwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, IFAD, uliwapa wanavijiji kazi ya kupeleleza masoko na kupeleka bei vijijini kwa simu. Wakulima wenyewe waliwaita shushushu. Jina hilo lilinifurahisha kuliko yote niliyoyasoma chuoni.

Hapa lakini tuwe waangalifu, maana ndipo vijana wetu wanapoteleza. Kila mwaka nasikia mwanafunzi mmoja anataka kutengeneza programu ya simu ya kumtumia mkulima wa karafuu bei ya soko. Ya nini? Bei ya karafuu kwa miongo mingi imekuwa ikitangazwa na ZSTC, nayo ni moja kwa kituo cha Mkoani na cha Konde. Mvuvi wa Kerala alifaidika kwa sababu alikuwa na pwani nyingi za kuchagua. Kwa karafuu, taarifa yenye faida ni ya wingi, ubora na wakati, ile niliyoieleza hapo juu. Taarifa ya bei ina faida kwa ndizi, maembe, tungule, viazi na samaki, mali inayoharibika na inayoweza kupelekwa Chake Chake, Unguja au Tanga kutegemea ni wapi kuna upungufu. Kabla ya kuandika programu, mwanafunzi atazame kwanza kama mkulima ana pa kuchagua.

Kwa mwenye duka dogo mambo yako karibu zaidi. Vodacom ilianzisha M-Pesa Tanzania mwaka 2008, na Zantel nayo ikaingia katika biashara ya fedha kwa simu, hata Ezypesa ikawa neno la kawaida visiwani. Kila muamala unaacha maandishi. Mfanyabiashara anayepokea malipo kwa simu ana kumbukumbu za miezi mingi asizozitumia, na ambazo angeweza kuziweka mbele ya ofisa mikopo. Tangu Mamlaka ya Mapato Zanzibar ianze kudai risiti za kielektroniki, wengi wameliona jambo hili kama adhabu. Nafahamu. Ila ikiwa taarifa za mauzo yako zinakwenda kwa mkusanya kodi, ni vyema nawe ubaki na nakala na uisome, ujue bidhaa gani inalala rafuni na nani hajalipa deni tangu Mfunguo Mosi.

Upande wa hatari upo pia, nao usifichwe. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nyingi za programu za namna hii humtaka mkopaji afungue orodha ya majina yote yaliyomo katika simu yake, na akichelewa kulipa, aibu inapelekwa kwa jamaa na marafiki. Huo nao ni mfumo wa taarifa, tena umebuniwa na watu waliofaulu somo hili. Kozi inayomfundisha kijana kukusanya habari za watu bila kumfundisha ni za nani, imemfundisha nusu.

Wapo wanaosema masomo ya mtandaoni ni ya kubahatisha, bora kijana avuke akakae Unguja au Dar es Salaam. Sikubaliani nao. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimethibitisha kwa miaka mingi kuwa mtu anaweza kusoma huku analima. Mwanzoni ilikuwa kwa vitabu vya posta. Waya wa Seacom ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ikaacha kutegemea satelaiti peke yake, na mwaka 2010 Pemba ikaunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya wa chini ya bahari. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya Wesha, na anayeyakumbuka anajua kwa nini sikuandika kozi ya mtandaoni inawezekana mwaka 2003. Kijana anayesoma akiwa nyumbani anaokoa kodi ya chumba, na zaidi ya hapo, shamba analo mbele ya macho.

Ndiyo maana ombi langu kwa wakuu wa vyuo vinavyofundisha kozi hii ni dogo, na halihitaji fedha za wafadhili. Kazi ya mwisho ya somo ifanyike katika shughuli halisi iliyo karibu na mwanafunzi: shamba la eka, kikundi cha mwani, duka la mtaani, boti ya samaki. Mwanafunzi afuatilie msimu mmoja, aweke kumbukumbu pamoja na mwenye shughuli, na mwenye shughuli aulizwe na mhadhiri kwa simu kama kazi ile ilimfaa. Mwanafunzi akishindwa kumweleza bibi yake kile alichokiandika, alama zipunguzwe.

Nami nimelipa deni langu, kwa kuchelewa. Daftari la ami ni la kurasa 96, la skuli, lina safu sita: tarehe, pishi zilizochumwa, malipo ya wachumaji, siku ya kuanika, kilo za kituoni, daraja. Binti yake wa darasa la saba ndiye anayeandika, maana mkono wake ni mzuri kuliko wetu. Yule mwenye kukodi alipita tena kabla ya msimu, akataja milioni mbili. Ami akamwambia ngoja kidogo, akamwita binti alete daftari, na mazungumzo yakaendelea mpaka adhana ya alasiri. Waliishia kwenye miti 15, kwa milioni moja na laki mbili. Iliyobaki tunaichuma wenyewe.