Ndege Ikianguka Ziwani, Nani Anafika Kwanza?

Ndugu wafanyakazi wa viwanda na wa mashamba ya mawese,

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa inashuka Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Haikufika uwanjani. Iliangukia Ziwa Victoria, karibu na ufuko. Ndani yake walikuwemo watu 43. Watu 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Watu 24 walipona. Waliofika kwanza kuwasaidia hawakuwa na sare wala king'ora. Walikuwa wavuvi, na mitumbwi yao na makasia yao.

Tunataka kusema juu ya watu hao, maana jambo lao linatuhusu sisi tunaokaa kando ya Tanganyika, tangu Rumonge mpaka Nyanza-Lac na Kabonga.

Kwanza tuelewe kazi ya shirika kama hilo. Precision Air lilianzishwa Tanzania mwaka 1993 na ndege za kukodi, kisha likaanza safari za ratiba kwenda miji ya mbali. Ndege iliyoanguka ilikuwa ATR 42, ndege ya propela inayoweza kutua mahali ambapo ndege kubwa haziwezi. Mtu wa Bukoba akienda Dar es Salaam kwa barabara, safari humla siku nzima na zaidi. Mgonjwa, mchuuzi, mtu anayekwenda kuzika, wote wanaihitaji ndege hiyo. Kwa hiyo hatusemi kwamba ndege ni starehe ya wakubwa tu. Hapa kwetu shirika la Air Burundi, lililoanza katika miaka ya 1970, liliacha kuruka mwaka 2009. Tunajua maana ya nchi ndogo kungojea ndege za wengine.

Lakini ndege hairuki kwa rubani peke yake. Chini yake kuna fundi, mpakia mizigo, mtu wa zimamoto, polisi wa majini. Na penye uwanja uliopakana na ziwa, kuna mvuvi pia, ingawa jina lake halimo katika daftari lolote. Hapo ndipo penye neno letu.

Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinataka uwanja ulio karibu na maji, ambao ndege hupita juu ya maji kwenda kutua, uwe na uokoaji wa majini na vifaa vyake. Kanuni hiyo ni nzuri. Lakini Bukoba ilituonyesha kwamba katika dakika zile za kwanza, mwenye chombo majini ndiye mwokoaji. Mmoja wa wavuvi wale, kijana Majaliwa Jackson, alizimia katika kazi hiyo akapelekwa hospitali. Alisifiwa nchi nzima. Alipewa shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aingizwe katika jeshi la zimamoto na uokoaji. Tunafurahi naye, alistahili. Ila zawadi kwa mtu mmoja si mpango wa uokoaji. Ajali nyingine haitachagua mwalo wa yule aliyepewa kazi.

Wako watakaosema: mvuvi alifanya kwa utu, na utu haulipwi. Sisi tunajibu: utu haulipwi, lakini petroli hununuliwa. Mtumbwi ukipasuka hutengenezwa kwa fedha. Mvuvi akivunjika mkono, watoto wake hawali sifa. Anayeacha nyavu zake kwenda kuokoa watu amepoteza riziki ya siku ile, na tena amehatarisha maisha yake kwa kazi ambayo wengine wanalipwa mshahara kuifanya.

Tutazame ziwa letu. Uwanja wa Bujumbura, unaoitwa Melchior Ndadaye tangu 2019, uko karibu na maji. Kigoma pia wana uwanja karibu na ziwa. Na usiku, nani yuko katikati ya Tanganyika? Ni wavuvi wa ndagala na taa zao. Iwe ndege au mashua iliyopinduka, wao ndio watakaosikia kelele.

Tena tusisahau Mei 2015. Maelfu kwa maelfu ya ndugu zetu walikimbilia Kagunga, ng'ambo ya mpaka tu kutoka Kabonga, mahali palipobanwa kati ya milima na maji. Kipindupindu kikaingia. Hapakuwa na ndege ya kuwatoa. Waliwahamishwa kwa maji mpaka Kigoma, na meli kongwe ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilifanya kazi kubwa. Watu wa ziwa ndio waliokuwa barabara yao.

Mwaka 2007 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 188 juu ya kazi ya uvuvi, nao ulianza kutumika mwaka 2017. Unasema habari za usalama, matibabu na ulinzi wa mvuvi. Lakini unaruhusu serikali kuwaacha nje wavuvi wa maziwani. Mlango huo ukiachwa wazi, wenzetu watatupwa nje. Ni kazi ya sendika kuufunga.

Basi tunadai haya. Kila mwalo uwe na jaketi za kuokolea, kamba, na mtu anayejulikana wa kupigiwa simu. Wavuvi wafanye mazoezi pamoja na zimamoto na polisi wa majini. Petroli na hasara ya chombo kilichotumika kuokoa zilipwe. Anayeumia katika kuokoa atibiwe bure na alipwe fidia kama mfanyakazi aliyeumia kazini.

Nanyi wa mawese na wa viwandani msiseme hayo ni mambo ya wavuvi. Ndagala mnazokula wanazivua wao, na kaka zenu wako katika mitumbwi hiyo. Mkutano ujao wa sendika, kila tawi lije na wavuvi wawili wa mwalo wake, wakae nasi, waseme wenyewe, waandikwe.

Mvuvi ni mfanyakazi. Umoja ni nguvu!